Fundi Aliyeruka Siku ya Hina

Kosa lilikuwa la dada yangu: alidhani hina huanzia miguuni.

Alikuwa amepanga kila kitu. Siku ya kuamkia nikahi yake, mchora hina angefika baada ya chai ya asubuhi, angeinamia nyayo zake kwa saa kadhaa, na muda wote huo mikono yake ingekuwa huru. Kwa mikono hiyo angemaliza gemu. Tulikuwa tumebakisha sehemu ya mwisho, ile ya jengo refu, na dada aliapa kwamba hatatoka nyumba hii ya Mji wa Kale akiwa hajui mambo yaliishaje.

Mchora hina alikuja, mwanamke mnene mcheshi kutoka Tononoka, mkoba wake umejaa koni za hina alizozifunga mwenyewe. Akavua viatu mlangoni, akatusalimu mmoja mmoja, akauliza hali ya baba, hali ya mama, hali ya mafua ya shangazi, kisha akaketi juu ya mkeka na kusema, "Lete mikono."

"Miguu kwanza," dada akasema.

"Miguu yaangaliwa na nani? Mikono ndiyo itakayoshikwa na kila mtu kesho. Yataka muda ikolee. Lete, mama, lete."

Dada akanitazama. Padi ya kuchezea gemu ilikuwa mapajani mwake. Kwenye skrini, shujaa wetu alikuwa amesimama ukingoni mwa paa, barakoa yake ya shaba inang'aa, anasubiri kuambiwa aende wapi.

"Basi," dada akaniambia polepole, kama anayetoa wasia, "utakuwa mikono yangu."

Shujaa huyo sisi tulimwita Fundi, na ni haki nieleze kwa nini. Tulipokuwa wadogo, mjomba wetu, ndugu yake mama, alikuwa karani bandarini, na mabaharia walikuwa wakimwachia majarida waliyokwisha kuyasoma. Mengi yalikuwa ya magari. Siku moja akatuletea katuni iliyochanika jalada. Bila jalada hatukuweza kujua jina la shujaa. Tuliona tu mwanamume mwenye ovaroli akitengeneza lifti. Ukurasa wa tatu kamba inakatika, lifti inaporomoka naye ndani, na katika kuporomoka huko anagundua kwamba anaweza kubadili uzito wake. Akitaka anakuwa mwepesi kama unyoya. Akitaka anakuwa mzito kama kontena. Baadaye tulipata matoleo yenye jalada, tukaliona jina lake la Kiingereza, refu, la kujigamba. Tukakubaliana kwamba halimfai. Akabaki Fundi.

Matoleo yalikuja ovyo, kulingana na meli. Tulimwona adui akifa kabla hatujamwona akizaliwa. Kati ya toleo moja na jingine kulikuwa na mashimo, na mashimo hayo tuliyajaza wenyewe, tumelala kifudifudi sakafuni, dada akisema ilikuwa hivi na mimi nikikataa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza tabia ya kuuliza. Kama Fundi akiwa mwepesi hupeperushwa na upepo, kwa nini nguo zake hazibaki chini? Akiwa mzito, sakafu ya nani inamstahimili? Dada alinijibu kwa mto wa kulalia. Chuo kikuu nikasomea falsafa, jambo ambalo shangazi hadi leo huwaeleza wageni kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza maradhi ya mtoto.

Swali moja tu tuliliuliza kwa pamoja. Mama yake Fundi aliishi ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa haikai sawa wiki mbili. Kila jioni alimpikia. Kila jioni Fundi alichelewa, akaja na jicho limevimba na kisingizio kibovu. Je, mama alijua? Toleo la mwisho halikutufikia. Utasema tungetafuta mtandaoni. Tuliweza, na tuliapizana tusitafute, na katika ulimwengu huu nisiouamini sana, hicho ni kiapo kimoja nilichokishika.

Halafu ikatoka gemu. Mashine tuliipata kwa kijana wa Buxton aliyekuwa akihama, tukaifunga kwenye televisheni ya chumbani kwetu, na dada akaniachia niruke mara ya kwanza. Nikabonyeza. Fundi akawa mwepesi. Paa likashuka chini yake kama sinia linaloteleza mkononi, barabara ikawa uzi, na tumbo langu likapanda hadi kifuani ingawa nilikuwa nimeketi juu ya kitanda na kikombe cha chai pembeni. Nilipiga ukelele. Mama alikuja mbio na mwiko.

Maswali yalikuja baadaye, kama kawaida yangu. Katuni ilikuwa inanisubiri. Mimi ndiye niliyegeuza ukurasa, na ningeweza kukaa mchana kutwa juu ya picha moja ya mama akifunika sufuria. Gemu haikai. Lakini pia inasubiri kwa namna ya ajabu. Siku moja moto uliwaka ghorofa ya tano, watu wanapiga mayowe, nami kwa makusudi nikaenda kuokota nati za dhahabu zilizotawanywa mjini. Nikaokota, nikaokota. Niliporudi, moto ulikuwa pale pale, umetulia, kama mgeni anayengoja pilau ipakuliwe. Sasa huu ni ushujaa gani, nikamuuliza dada, ikiwa hakuna anayeweza kuungua mpaka mimi nifike? Na huyu ni Fundi kweli, ikiwa anafanya ninalomwambia? Fundi wa katuni hakunitii hata siku moja. Mara ngapi nilimwambia, mwambie mama yako, na hakumwambia?

"Wewe cheza," dada alisema. "Utafikiri ukizeeka."

Yeye alicheza vizuri kuliko mimi. Ni mfamasia, vidole vyake vimezoea kazi ndogo ndogo za haraka. Mimi huwa nasimama katikati ya vita kutafakari, na mtu anayetafakari katikati ya vita hupigwa kwa nyuma.

Ndiyo maana asubuhi ile ya hina ilikuwa mbaya kwake. Ila kulikuwa na jambo jingine, kubwa kuliko gemu, na kila mmoja chumbani alilijua, kwa sababu lilikuwa limekaa kando ya mlango: sanduku la bati.

Ndani yake mlikuwa na katuni zetu zote. Baada ya swala ya alasiri wangekuja wachukuzi na mkokoteni kuchukua vyombo vya bibi harusi, kuvipitisha vichochoroni mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo kwa pikapu hadi Tudor, nyumbani kwa bwana. Na vyombo havipokelewi vikiwa vimefungwa. Wanawake wa upande wa bwana hukusanyika, hufungua kila kitu, hukunjua shuka, hunusa udi, huinua vifuniko vya sufuria, husifu, na wanaloliona huzungumzwa mwaka mzima. Sanduku likienda, lingefunguliwa mbele ya mama mkwe na wifi zake wote.

Dada alikuwa hajamwambia mchumba wake. Bwana huyo, mwalimu wa hisabati, mpole wa maneno, alimuuliza siku moja kwa simu anapenda kufanya nini akiwa hana kazi. Dada akajibu, kusoma. Kusoma nini? Vitabu. Na mazungumzo yakaendelea mbele, na lile neno "vitabu" likabaki nyuma, limevaa barakoa. Tangu hapo kila usiku alikuwa akiliweka sanduku upande wa vinavyokwenda, na kila asubuhi akilirudisha upande wa vinavyobaki.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na msimamo wake. "Watasema tumewaletea mtoto. Mtu amengoja mke, aletewa picha za watu wanarukaruka! Acha hapa, mwanangu. Ukikumbuka, utakuja kuziona."

"Nitakuja kuziona kama mgeni," dada akasema.

"Mume akikupenda hatakuwa na haja ya kujua kila kitu."

Nikafungua kinywa. "Na hilo, shangazi, umelipata wapi? Ni hoja au ni mazoea tu?"

"Falsafa imeamka," shangazi akamwambia mchora hina.

Dada akatukatiza. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeenea maua mpaka kwenye kifundo, mbichi, unang'aa. "Tumalize gemu kwanza. Nikishaona mwisho, nitaamua."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo si hoja pia. Mwisho uliobuniwa na watu wasiojua hata Tudor iko wapi utakuambiaje ufanye nini na sanduku lako? Lakini nilimwona usoni. Alikuwa hatanii. Nikachukua padi.

Sasa fikiria chumba. Pangaboi linazunguka juu kabisa kwa nguvu zote. Harufu ya hina na ya ndimu. Dada ameegemea mto, mikono yote miwili ameinyosha mbele kama mtu anayesukuma ukuta, mchora hina anamchora kidole kwa kidole. Mimi nimeketi sakafuni kati ya miguu yake. Shangazi yuko kwenye kiti, anadai kwamba anachambua mchele.

"Kushoto! Kuwa mwepesi, mwepesi! Sasa mzito! Mzito, nimesema!"

"Nimebonyeza!"

"Umebonyeza umechelewa. Huyo nyuma yako!"

"Kwa nini kila mmoja anakuja peke yake? Wako wengi, wangemzunguka wote pamoja wangemmaliza."

"Usiwafundishe!"

Mchora hina akacheka mpaka jani moja likapinda. "Tulia, bibi harusi. Ukiruka wewe, itakuwa mchoro wa nyoka."

Shangazi alikuwa ameacha mchele. "Huyu mwanamume yuwapiga kila mtu anayekutana naye. Hata salamu hana."

"Wamemziba njia, shangazi. Anakwenda kwa mama yake. Amekwama ndani ya lifti."

"Mama yake?" Shangazi akavuta kiti mbele. "Amekwama peke yake?"

"Peke yake. Na kamba inakatika."

"Na wewe wafanya nini huko pembeni?"

Nilikuwa naokota nati ya dhahabu. Nilizoea. "Lifti haitaanguka mpaka nifike," nikamweleza. "Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Mama wa watu yuko ndani ya lifti, naye aokota misumari!" shangazi akafoka, na mchora hina akaunga mkono, na dada akanipiga bega kwa goti. Nikaacha nati. Na nitasema ukweli ulionishangaza: mkono wangu ulikuwa na jasho. Nilijua kamba ile ni mistari ya hesabu kwenye mashine. Nilijua ingenisubiri mpaka Idi. Nikakimbia hata hivyo.

Nilikufa mara kadhaa. Bosi wa mwisho, jitu lililojivika vyuma vya lifti zote za mji, lilinibandika ukutani kila niliposimama kufikiri. Dada alinilaani, akaniomba radhi, akanilaani tena. Mwishowe akanifundisha kwa njia yake: alifumba macho akaniambia mdundo tu, kama anayepiga chapuo la harusi. Mwepesi, mwepesi, mzito. Mwepesi, mwepesi, mzito. Nikaacha kufikiri. Vidole vyangu vikafuata sauti yake, na kwa muda fulani sikujua ni nani anayecheza, mimi au yeye, na Fundi alipanda lile jitu kama ngazi, akajifanya mzito juu ya kichwa chake, na likaporomoka ghorofa zote tisa na vumbi likajaa skrini.

Chumba kililipuka. Shangazi alipiga kigelegele cha harusi hasa, kile kinachosikika mtaa wa pili. Chini kichochoroni mtu alijibu kwa kigelegele, bila kujua sababu.

Fundi aliifungua milango ya lifti kwa mikono, na ndani, chini ya taa moja, alikuwa mama yake na mfuko wa vitunguu. Mbele yetu yakatokea maneno mawili, kila moja na kitufe chake. Vua barakoa. Ondoka. Na duara jembamba likaanza kujifunga, kuonyesha wakati unakwisha.

"Yasemaje?" shangazi akauliza. Nikamtafsiria.

"Avue!" akasema mchora hina.

"Aondoke," akasema shangazi. "Amemwokoa, yatosha. Amshtue mama wa watu kwa nini?"

Mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu chaguo ambalo mtu mwingine amekwisha kukuandikia majibu yote mawili. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Dada akasema, "Usibonyeze. Hii yangu."

"Mikono yako!" mchora hina akapiga kelele.

"Najua. Lete."

Nilielewa. Nikaigeuza padi, nikainyanyua mpaka usoni pake. Duara lilikuwa limebaki ukucha. Bibi harusi, mikono juu, mchora hina amemshika viwiko visiguse kitu, akainama, akalenga kwa makini ya mtu anayepima dawa ya mtoto, na kwa ncha ya pua akabonyeza.

Barakoa ikavuliwa. Mama yake Fundi alimtazama mwanawe muda mrefu. Halafu akasema maneno machache, nami nikayatafsiri kwa sauti bila kuombwa:

"Umechelewa. Chakula kimepoa."

Akampa mfuko wa vitunguu aubebe.

"Alijua!" shangazi akalia. "Alijua siku zote! Ah, mama huyu! Mama huyu!" Na akachukua ncha ya mtandio akajifuta macho, yeye aliyesema ni picha za watu wanarukaruka.

Machozi yalimtiririka dada hadi kidevuni, na hakuweza kuyafuta, basi nikamfuta mimi. Miaka yote ile ya mashimo. Nilingoja nihuzunike kwamba shimo la mwisho limezibwa na mtu mwingine. Sikuhuzunika. Nilicheka tu, na kulia kidogo, na kujiuliza kwa nini, na kwa mara moja sikulifuata swali hilo.

Siku chache baadaye nilirudi peke yangu nikajaribu kitufe cha pili. Mama anabaki ndani ya lifti, anaangalia mlango mtupu, kisha anapanga vitunguu vyake vizuri mfukoni. Basi. Nimelijua jambo hilo peke yangu mpaka leo.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, wachukuzi wakaita kutoka chini. Kitanda kikashuka vipande vipande, kabati, magodoro, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Shangazi alisimama kwenye ngazi akiamrisha. Alipofika kando ya mlango akalitazama sanduku la bati, kisha akamtazama dada.

"Laenda," dada akasema.

"Mwanangu, fikiri."

"Nimefikiri. Laenda, na liwe juu. Lisifichwe chini ya magodoro."

Shangazi akashusha pumzi. "Haya. Lakini mimi ndiye nitakayesimama pale wakifungua. Mimi, si wewe."

Nikalibeba sanduku mwenyewe. Ngazi zetu ni za mwinuko mkali na nyembamba, unashuka kwa upande kama kaa, na nilipofika katikati ndipo nilipokumbuka kwamba nusu ya katuni zile ni zangu. Hakuna aliyeniuliza. Nilisimama pale, sanduku kifuani, wachukuzi wakinipigia kelele nipishe. Kisha nikashuka. Nikaliweka juu kabisa ya magodoro, nikalifunga kamba mara mbili, na mkokoteni ukaondoka ukigongagonga mawe.

Kungoja kulikuwa kurefu. Mchora hina alihamia miguuni. Dada alikuwa akiniagiza nichungulie dirishani kila mara, ingawa kutoka dirisha letu hakuonekani ila dirisha la jirani. "Watacheka," akasema. "Mama yake atamwambia, mke gani huyu." Baadaye: "Na acheke. Afadhali ajue leo." Baadaye tena: "Kwa nini hukunizuia?"

Maghrib ilikuwa karibu shangazi aliporudi. Alivua buibui taratibu, akalitundika, akaomba maji, akanywa kwa mafunda madogo. Alikuwa akifurahia.

"Shangazi!"

"Walifungua."

"Wakasemaje?"

"Shuka wakazisifu. Sufuria wakazisifu. Wakafika kwa sanduku. Mama mkwe wako akatoa kitabu kimoja, akakigeuza, akauliza, huyu mtu wa shaba ni nani? Wote wakaniangalia mimi. Ningefanyaje? Nikawaeleza."

"Ukawaeleza nini?"

"Yote. Kwamba ni fundi wa lifti, na kwamba yuwaenda kwa mama yake, na wale maharamia wamemziba njia. Wakakaa juu ya magodoro mapya, wakasahau vyombo. Mama mkwe wako akasema, basi niambie, mama yake alijua?"

Dada alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye mto. "Shangazi. Hukumwambia."

"Nilikuwa nafika kwa lifti. Mara nasikia sauti ya mwanamume nyuma ya mlango. Bwana wako! Kumbe alikuwa amejibanza hapo, amekwisha kupitishiwa vitabu viwili na mdogo wake wa kike, anasoma. Akapiga kelele, bila haya mbele ya wanawake wazima: 'Shangazi, tafadhali, mwisho usiseme!'"

Dada akaangua kicheko. Akacheka kwa mwili mzima, mikono yake yenye hina ikipepea hewani, mpaka mchora hina akatupa koni na kumrukia, "Kamata mkono huo! Kamata!" nami nikamshika kifundo cha kulia na shangazi cha kushoto, tukamshikilia hivyo, akicheka, tukicheka.

"Na ukasema?" akauliza alipopata pumzi.

Shangazi akaangalia pembeni. "Nilisema kwa sauti ndogo," akajibu. "Kwa wanawake tu."